Jinsi ya kutumia Simple Present ya Kiingereza ukiwa unafikiri kwa Kiswahili

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, sentensi "Neema anauza dagaa" inatosha kabisa. Pengine ndiyo biashara inayomlisha Neema mwaka mzima, pengine yuko pale sasa hivi anampimia mteja sado mbili. -na- inabeba yote mawili na msikilizaji anaelewa kutokana na mazungumzo yenyewe. Kiingereza hakikubali hivyo. Kinakutaka uchague kabla hujafungua mdomo. "Neema sells dagaa" ni kazi yake, hata kama saa hii amelala nyumbani kwake Igoma. "Neema is selling dagaa" ni kile anachokifanya wakati huu unapozungumza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuliacha lile fundisho la daftari kwamba Simple Present ni "wakati wa sasa". Ukilishika hilo, kila unachokiona kikitendeka mbele yako utakisema kwa Simple Present, na utakosea. Wakati huu ni wa jambo lililosimama: mazoea, kazi, tabia, ukweli, hali. Jambo linalotendeka sasa hivi lina umbo lake jingine, lile la "is selling".

Kipimo cha hu-

Kiswahili kina chombo cha kukusaidia hapa. Chukua sentensi yako, toa -na-, weka hu-, kisha isikilize.

"Wavuvi wa dagaa wanatoka usiku." Ukisema "wavuvi wa dagaa hutoka usiku", maana inabaki ileile. Basi ni Simple Present: "Dagaa fishermen go out at night."

"Njoo uone, wanavuta nyavu!" Ukisema "njoo uone, huvuta nyavu", sentensi inaharibika. Hakuna anayemwita mwenzake mbio aje kutazama mazoea. Hapo sema: "They are pulling in the nets."

Zipo sentensi zinazopita kote kuwili, kwa mfano "Juma anaendesha daladala". Hizo ziongezee neno la wakati kichwani mwako. Ukiwa unamaanisha kwamba ndiyo kazi yake, ni "Juma drives a daladala". Ukiwa unamaanisha sasa hivi, au siku hizi tu wakati dereva mwenyewe anaumwa, ni "Juma is driving a daladala". Hilo la "siku hizi tu" linasahauliwa sana. "Naishi Buhongwa", kwa maana ya kwamba ndiko nyumbani, ni "I live in Buhongwa". "Nakaa Buhongwa kwa dada mpaka nipate chumba" ni "I'm staying with my sister in Buhongwa until I find a room".

Sentensi kanushi haipimiki moja kwa moja, kwa sababu "hauzi" ni kanushi ya "anauza" na ya "huuza" pia. Irudishe kwanza kwenye hali ya kukubali, ipime, halafu ndipo uikanushe kwa Kiingereza.

Mambo ya kweli ya dunia hupita kipimo hiki bila shida, na ukiwa mtu wa kupokea wageni utayahitaji kila siku. "The Nile leaves Lake Victoria at Jinja." "Three countries share the lake." "The lake covers about 68,800 square kilometres." "Nile perch eat smaller fish." Vitabu vya shule huandika "Water boils at 100 degrees Celsius", na ni sahihi kwa mahali palipo usawa wa bahari. Mwanza iko juu, ziwa lenyewe likiwa mita 1,134 hivi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo sentensi ya kweli hapa ni "In Mwanza, water boils at about 96 degrees". Kitenzi ni kilekile na umbo ni lilelile.

Ukweli huo si lazima uwe wa milele. Unatosha ukiwa umesimama leo. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, unaweza kusema "The bridge joins Kigongo and Busisi". Miaka kumi nyuma sentensi hiyo haikuwa na pa kusimama.

Pale hu- inaposhindwa

Umesimama mbele ya muuzaji na unasema "Nataka kilo mbili za sato". Ukibadilisha iwe "hutaka" sentensi inakufa, na kwa kipimo chetu ungesema "I am wanting". Hapana. Kiingereza kinasema "I want two kilos of tilapia".

Sababu ni kwamba kutaka si kitendo unachoweza kumwona mtu akikifanya kwa mikono. Ni hali iliyomo ndani yake. Vitenzi vya namna hiyo hukaa kwenye Simple Present hata ukizungumzia dakika hii hii. Vijifunze kama kundi: know, want, like, love, hate, need, prefer, believe, understand, remember, mean, belong, own, cost, contain, seem, depend. Ukiviweka na "-ing" ukizungumzia hali ya sasa, kwa kawaida umekosea: "I am knowing him", "This boat is belonging to my uncle". Sema "I know him", "This boat belongs to my uncle".

Vichache vina sura mbili, na maana ndiyo inayoamua. "Have" ya kumiliki haichukui "-ing": "He has three nets", kamwe si "He is having three nets". Lakini "have" ikimaanisha kula, inaruhusiwa: "He is having lunch". "Weigh" nayo iko hivyo. "This sangara weighs eight kilos" ni hali ya samaki, uzito alio nao. "He is weighing the sangara" ni mtu na mizani.

Mtego mkubwa zaidi wa kundi hili unatoka kwenye -me-. Kiswahili hueleza hali nyingi za sasa kwa -me-, na mwanafunzi aliyefundishwa kwamba -me- ni "have" hujikuta akisema "I have understood" kila mara mwalimu anapouliza kama somo limeeleweka. Si kosa la sarufi, ila Mwingereza angesema "I understand". Zigawe sentensi zako za -me- katika mafungu matatu.

La kwanza ni hali za akilini, ambazo huenda kwenye Simple Present: nimeelewa, "I understand", nimekumbuka, "I remember", nimekubali, "I agree". Hii ya mwisho iangalie kwa makini, kwa sababu "I am agree" imeenea mno. "Agree" ni kitenzi, hakihitaji "am".

La pili ni hali za mwili, ambazo huenda kwenye "am, is, are" na kivumishi: nimechoka, "I am tired", nimeshiba, "I am full", amekasirika, "she is angry". Na ingawa haina -me-, weka hapa pia "nina njaa", "I am hungry", kwa sababu wengi husema "I have hunger".

La tatu ni mkao na mavazi, ambayo huenda kwenye "-ing": amesimama, "he is standing", amekaa, "he is sitting", amevaa koti, "he is wearing a coat". Ukisema "He wears a coat" unamaanisha ndilo vazi lake la kawaida.

Hakuna njia ya mkato hapa. Andika sentensi kumi za -me- unazozitumia kila siku, uzipange katika mafungu hayo, uzikariri.

Kuunda sentensi

Umbo lenyewe ni jepesi: kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, bila chochote mbele yake. I sell, you sell, we sell, they sell. Ugumu unakuja kwa sababu "ninauza" ina vipande vitatu, ni-na-uza, na mkono unatafuta maneno matatu ya kuandika. Hapo ndipo "I am sell" na "I am go to school" huzaliwa: "am" imewekwa kuziba nafasi ya -na-. Katika Simple Present, -na- haina neno lake. "Ni" ndiyo "I", "uza" ndiyo "sell", basi. Ukijikuta umeandika "am", "is" au "are" na mara baada yake kitenzi kitupu, futa mojawapo. Ama "I sell", ama "I am selling". "I am sell" haipo.

Kosa la pili linatoka kwenye a-. "Kaka yangu anafanya kazi bandarini": a- ya "anafanya" inarudia kumtaja kaka, na Kiswahili kinaidai. Ukiitafsiri unapata "My brother he works at the port". Kiingereza kinataka mtendaji atajwe mara moja: "My brother works at the port". Ukitaka "he", basi "my brother" aondoke.

Sasa ile "s". Kiswahili hubadilisha mwanzo wa kitenzi kwa kila nafsi. Kiingereza hubadilisha mwisho, na kwa nafsi moja tu, yule au kile kimoja kinachozungumziwa. He, she, it, Juma, the boat, the lake, the price. Kwa kuwa nafsi nyingine zote hazina kitu, jicho huzoea kutoweka kitu, na "s" husahauliwa hata na watu waliosoma miaka mingi.

Namna ya kuikagua: katika sentensi fupi, "s" huwa mahali pamoja, ama kwenye nomino ama kwenye kitenzi. "The boat leaves." "The boats leave." Ukiona "s" mbili, au usipoona hata moja, simama utazame tena. Kipimo hiki kinakwama kwenye nomino zisizochukua "s" ya wingi, kama people, children na fish, na kwenye nomino ambazo "s" yake ni ya asili, kama bus. "People say", kwa sababu ni wengi. "The bus stops here", kwa sababu ni moja.

Mahali pengine panapoleta shida:

Mtendaji akiwa mbali na kitenzi. "The price of vegetables rises in the dry season." Kinachopanda ni bei, si mboga. "One of the boats leaks." Linalovuja ni moja. Kabla ya kuandika kitenzi, ziba kwa kidole maneno yote kuanzia "of" na usome kilichobaki.

"Kila mtu". Everyone, everybody na nobody huhesabiwa umoja: "Everyone knows him".

Vitu visivyohesabika. Money, information, news na furniture ni umoja: "The money comes from fish", "The news is good". Police ni wingi: "The police are here".

Vitenzi viwili, mtendaji mmoja. "She goes to Kirumba and buys dagaa." Watu huweka "s" kwenye cha kwanza na kukisahau cha pili.

Vitenzi kama can, must, will na should havichukui "s", na kinachovifuata hakichukui pia: "He can swim", si "He cans swim" wala "He can swims".

Kuiandika na kuitamka

Vitenzi vingi huongeza "s" tu: sells, works, lives. Vinavyoishia na s, sh, ch, x, z au o huongeza "es": washes, catches, fixes, goes. Vyenye "y" iliyotanguliwa na konsonanti hugeuza "y" kuwa "ies": carry huwa carries, dry huwa dries, kama katika "She dries dagaa on the sand". "Y" ikitanguliwa na irabu haiguswi: buys, pays, stays. "Have" huwa "has".

Matamshi ndiyo yanayoamua kama msikilizaji ataisikia hiyo "s" au la. Maneno ya Kiswahili huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi hufanya moja kati ya mawili: unaongeza irabu, "works" ikawa "wakisi", au unaimeza "s" yote. Zoeza ulimi kwa makundi matatu. Baada ya sauti za p, t, k na f ni "s" kavu: sleeps, eats, cooks, laughs. Baada ya irabu na sauti nyingine kama l, n, m, d, g, b, v na r ni "z": sells, runs, swims, goes, buys. Baada ya s, z, sh, ch na ile sauti ya j inayoandikwa "ge", kunaongezeka silabi nzima, "iz": washes, catches, fixes, charges. "Does" hutamkwa karibu na "daz", na "says" karibu na "sez". Usizisome kama zilivyoandikwa.

Ukishindwa kuzitoa konsonanti mbili za mwisho, unganisha "s" na neno linalofuata likianza na irabu. "She cooks ugali" itamkwe kama "kuk-sugali". Waingereza wenyewe huziunganisha hivyo, na kwa ulimi wetu ni rahisi zaidi.

Kukanusha

Hapa linaingia neno ambalo Kiswahili hakina mfano wake: "do", au "does" kwa nafsi ya tatu umoja. I don't sell, you don't sell, they don't sell. He doesn't sell, it doesn't leak.

"S" imehamia kwenye "does", kwa hiyo kitenzi kinarudi kuwa kitupu. "She doesn't sells" ina "s" mbili, na ndilo kosa linaloongoza kwenye madaftari. Baada ya don't au doesn't, kitenzi ni kama kilivyo kwenye kamusi, siku zote. Hata "has" hurudi kuwa "have": "He doesn't have a boat".

"Am, is, are" hazihitaji msaada wa "do". "The water isn't clean", si "The water doesn't clean". Sentensi hiyo ya pili ni ya Kiingereza, lakini inamaanisha maji hayasafishi.

Kuhusu "never": Kiswahili husema "kamwe haendi ziwani", kikiwa na kanushi kwenye kitenzi. Kiingereza sanifu hutosheka na moja. "He never goes to the lake", kitenzi kikiwa na "s" yake, kwa sababu kwa umbo sentensi ni ya kukubali.

Kuuliza

Kiswahili huuliza kwa sauti tu, au kwa "je", na neno la swali hubaki mwishoni: "Unaishi wapi?", "Inagharimu shilingi ngapi?" Ukifuata mpangilio huo unapata "You live where?" na "It costs how much?" Utaeleweka, lakini katika mtihani na katika barua utapoteza. Fuata mpangilio huu bila kuuvunja: neno la swali, do au does, mtendaji, kitenzi kitupu.

"Where do you live?"
"How much does it cost?"
"What time does the ferry reach Kamanga?"
"Does she sell ice?"

Ukiacha maswali ya "am, is, are" na ya vitenzi kama can, kuna aina moja isiyohitaji "do": pale "who" au "what" inapokuwa ndiyo mtendaji. "Who sells ice here?" Anayetafutwa ndiye anayeuza, kwa hiyo neno la swali linakaa kwenye kiti cha mtendaji na kitenzi kinashika "s". Linganisha na "Who does she sell to?", ambapo mtendaji ni "she" na anayetafutwa ni mnunuzi.

Swali likiwa ndani ya sentensi nyingine, mpangilio wa kawaida hurudi: "Do you know where he lives?" "Where does he live" ni ya swali linalosimama peke yake.

Majibu nayo yanahitaji uangalifu. Ukiulizwa kwa Kiswahili "Huuzi sangara?" na kweli huuzi, unajibu "Ndiyo, siuzi", ukimkubalia aliyeuliza. Kwa Kiingereza, "Yes" hukubaliana na ukweli wa jambo, si na muulizaji. "Don't you sell Nile perch?" Kama huuzi: "No, I don't". Ukijibu "Yes", mteja atasubiri umwonyeshe samaki. Kosa hili hupotosha biashara kuliko kukosa "s", kwa sababu mwenzako hajui kama umekosea, anaamini ulichosema.

Maneno ya mara ngapi

Always, usually, often, sometimes, rarely na never hukaa kabla ya kitenzi cha kawaida na baada ya "am, is, are". "The fishermen usually come back at dawn." "The market is always busy in the morning." "Sometimes" inaweza pia kutangulia sentensi. "Every day" na "on Sundays" hukaa mwanzoni au mwishoni, si katikati: "I every day go" ni Kiswahili kilichovaa maneno ya Kiingereza.

Kesho kwa kutumia wakati uliopo

Simple Present hubeba pia mambo ya mbele, katika nafasi mbili.

Ya kwanza ni ratiba. Saa ya meli, basi, mtihani au mechi imepangwa tayari na mtu mwingine, haitegemei mapenzi ya msemaji, kwa hiyo "The ship leaves at nine tomorrow night". Hapa chunga saa. Ukimtafsiria mgeni "meli inaondoka saa tatu usiku", sema "nine", si "three". Ongeza au punguza sita, na ukiandika weka "a.m." au "p.m." Sarufi yako inaweza kuwa safi na mgeni bado akaachwa na meli.

Nafasi ya pili ni nzito zaidi, nayo ni baada ya when, if, before, after, until na as soon as. Kiswahili kina "nitakapofika", chenye -ta- waziwazi, na mwanafunzi huandika kwa uaminifu "When I will arrive". Kiingereza hakiweki "will" ndani ya kipande hicho, ila katika kipande kingine tu.

"Nitakapofika Kamanga nitakupigia": "When I reach Kamanga, I will call you."
"Mvua ikinyesha hatutaanika dagaa": "If it rains, we won't dry the dagaa."
"Nitasubiri mpaka kivuko kije": "I will wait until the ferry comes."

Viambishi vya Kiswahili vya kukuamsha ni -ki-, -takapo-, na vitenzi vinavyofuata "kabla" na "mpaka". Ukiviona, "will" isikanyage upande huo wa sentensi. Na kama unaeleza jambo ambalo huwa hivyo kila mara, pande zote mbili huchukua Simple Present: "If the wind gets strong, small boats don't go out."

Jisahihishe

Andika sentensi kumi kuhusu kazi yako ukianza na "I". Ziandike upya kuhusu mtu mwingine, "he" au "she", ukizitamka kwa sauti ili "s" isikike. Kisha zikanushe zote, kisha zigeuze zote kuwa maswali. Utapata sentensi arobaini, na kila kosa lililotajwa hapa litajitokeza mahali fulani ndani yake. Usiruke hatua ya kutamka; anayeandika "sells" vizuri mara nyingi husema "sell".

Kabla ya hapo jaribu aya hii, iliyojazwa makosa kwa makusudi. Funika yanayofuata kwa mkono.

"My sister she live in Igoma. Every morning she is go to Kirumba and buy dagaa. She doesn't sells sangara because it cost too much. She is knowing many customers from Kenya. When the price will go down, she will buys some sangara."

Sentensi ya kwanza: toa "she", weka "s": "My sister lives in Igoma." Ya pili ina "is" iliyoziba nafasi ya -na-, na kitenzi cha pili kimesahauliwa: "Every morning she goes to Kirumba and buys dagaa." Ya tatu ina "s" mahali isipotakiwa na imeikosa mahali inapotakiwa: "She doesn't sell sangara because it costs too much." Ya nne ina kitenzi cha hali: "She knows many customers from Kenya." Ya tano ina "will" baada ya "when", na "s" baada ya "will": "When the price goes down, she will buy some sangara."

Ukiyaona makosa matano au zaidi kati ya yale tisa bila kusoma majibu, msingi unao. Rudia sehemu za yale yaliyokupita. Ukiyaona chini ya matano, anza tena na kipimo cha hu- na ile sehemu ya kuunda sentensi, kisha aya hii uirudie kesho yake bila kuyatazama majibu.